Bunduki nafuu ya sungura: hesabu ianzie kwenye kufuli

Kila Oktoba Mosi, msimu wa kuwinda sungura hufunguliwa katika jimbo la Missouri, Marekani, na huendelea hadi Februari 15. Kwa watoto wengi wa huko, sungura ndiye mnyama wa kwanza wanaomfuata porini wakiwa na baba au babu. Na kwa kuwa shule hukutanisha watoto wa kila asili, haichukui muda kabla mtoto aliyezaliwa Uvira au kukulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, hajarudi nyumbani na ombi ambalo wazazi wake hawakulitarajia: rafiki amemwalika kwenda kuwinda, naye anataka bunduki.

Miji ya Kansas City, St. Louis na Columbia ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka mashariki mwa Kongo. Nyingi zilifika huko baada ya miaka mingi ya ukimbizi.

Chukua mfano wa nyumba moja kati ya hizo. Baba anafanya kazi ya usiku kiwandani. Mama ana watoto wanne na kifungua mimba ana miaka 14. Kwa baba, ombi la kijana ni suala la bei: ameambiwa kuna bunduki ndogo zinazouzwa kwa chini ya dola 300. Kwa kijana, ni suala la kukubalika na wenzake. Kwa mama, neno lenyewe linatosha kumkosesha usingizi, maana bunduki kwake ni usiku wa kukimbia na mtoto mgongoni.

Katika mabishano ya namna hii, kwa kawaida baba na mtoto huzungumzia aina ya bunduki, na mama huonekana anazuia maendeleo. Ukweli ni kwamba swali la mama, la nini kitatokea bunduki hiyo ikishaingia ndani, ndilo linalopaswa kujibiwa kwanza. Likijibiwa vizuri, linasaidia hata kuchagua bunduki yenyewe.

Kwanza, itakaa wapi?

Mwaka 2020, bunduki ziliipiku ajali ya barabarani na kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa Marekani wenye umri wa mwaka 1 hadi 19. Idadi hiyo inajumuisha mauaji, ajali na kujiua. Kwa wakazi wa umri wote nchini humo, zaidi ya nusu ya vifo vya kujiua hutokana na bunduki.

Chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo kina ushauri ulio wazi. Nyumba isiyo na bunduki ndiyo salama zaidi kwa mtoto. Kama ipo, itunzwe bila risasi ndani, ifungiwe kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine tofauti.

Kuificha juu ya kabati la nguo au chini ya godoro si kuitunza. Watoto wanajua zawadi za sikukuu zinafichwa wapi, na bunduki wataijua pia. Ufunguo au namba ya siri ikae kwa mzazi peke yake, hata kama kijana amefuzu mafunzo yote na ni mtiifu.

Hilo la kijana mtiifu linahitaji kusisitizwa. Vijana wengi hupitia vipindi vya huzuni kali, aibu au hasira ambavyo wazazi hawavioni, na wazo la kujidhuru mara nyingi huja kwa ghafla na kupita. Kufuli hununua muda wa kupita kwa wazo hilo. Kama kuna mtu yeyote nyumbani anayeonyesha dalili za msongo mkubwa wa mawazo, ununuzi uahirishwe, na kama bunduki tayari ipo, itolewe nyumbani kwa muda kwa njia halali. Nchini Marekani, namba 988 hupokea simu za watu walio katika hali hiyo saa 24.

Pili, nani anaruhusiwa kununua?

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inakataza duka lenye leseni kumuuzia bunduki ndefu mtu aliye chini ya miaka 18. Hivyo mnunuzi ni mzazi, na mzazi ndiye anayejaza fomu na kufanyiwa uchunguzi wa rekodi kabla ya kukabidhiwa.

Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua akipita uchunguzi huo. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe na sababu inayotambuliwa na sheria, mojawapo ikiwa leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Asiye na uhakika na hadhi yake ya uhamiaji amwone mwanasheria kabla ya kushika bunduki, achilia mbali kuinunua. Kosa hapa linaweza kugharimu makazi ya familia nzima.

Jambo jingine ni ule moyo wetu wa kusaidiana. Kumnunulia bunduki shemeji au binamu ambaye mwenyewe amezuiwa kununua, ukaandika kwenye fomu kwamba ni yako, ni kosa la jinai. Undugu hautakuwa utetezi mahakamani.

Kwa upande wa uwindaji, Missouri inataka mtu aliyezaliwa Januari 1, 1967 au baadaye apitie mafunzo ya wawindaji, na cheti chake hutolewa kuanzia umri wa miaka 11. Mtoto asiye na cheti huwinda akiwa karibu kabisa na mtu mzima mwenye sifa. Baba na mtoto wakisoma mafunzo hayo pamoja kabla ya kwenda dukani, hakuna atakayeyumbishwa na maneno ya muuzaji.

Tatu, risasi ya aina gani?

Bunduki za sungura nyingi hutumia risasi ndogo za kupigwa ukingoni. Katika risasi kubwa, kemikali ya kuwashia baruti hukaa katikati ya kitako cha ganda. Katika hizi ndogo, kemikali imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na pini ya bunduki hupiga ukingo huo. Ganda lake ni jembamba, ni rahisi kutengeneza, na ndiyo maana bei yake ni ya chini.

Iliyoenea kuliko zote ni .22 Long Rifle, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1887. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa takriban gramu 2.6 na kipenyo cha milimita 5.6. Haisukumi bega, na kisanduku cha risasi 50 mara nyingi hupatikana kwa dola 5 hadi 10.

Zipo nyingine mbili ambazo muuzaji anaweza kuzitaja. .22 Magnum ilitoka mwaka 1959, na .17 HMR ilitoka mwaka 2002. Zote zina kasi zaidi na hufika mbali zaidi, lakini risasi zake huuzwa kwa bei ya mara mbili au tatu, na zikimpiga sungura mwilini huharibu nyama nyingi. Kwa familia inayoanza, inayohitaji kufyatua mamia ya risasi za mazoezi kabla ya kwenda porini, .22 Long Rifle inatosha.

Udogo wake usimdanganye mtu. Risasi hiyo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Pia hudunda inapopiga jiwe, maji au udongo uliogandia kwa baridi, ikabadili mwelekeo. Hivyo haifyatuliwi kumlenga sungura aliye juu ya kilima na anga nyuma yake. Nyuma ya mnyama lazima kuwe na tuta au mteremko wa udongo utakaoizuia.

Ndiyo sababu pia haitumiwi kwa sungura anayekimbia. Wawindaji wanaotumia mbwa kumkurupusha hubeba shotigani, yaani bunduki ya marisau. .22 ni ya mtu mwenye subira, anayemwona sungura ametulia kando ya kichaka na kulenga kichwa.

Nne, bunduki yenyewe

Kwa bajeti ya dola 200 hadi 400, aina tatu ndizo zinazokutana na mnunuzi mara nyingi.

Ya kwanza ni ya risasi moja moja kwa ajili ya watoto, mfano Savage Rascal au Crickett. Ina uzito wa kilo moja na kidogo. Kila baada ya kufyatua, mtoto hulazimika kusimama, kufungua na kuweka risasi nyingine kwa mkono. Kwa mwanafunzi huo ni ulinzi. Kasoro yake ni kwamba mtoto anayekua ataipita kwa umbo baada ya miaka michache.

Ya pili ni ya komeo, mfano Savage Mark II, Ruger American Rimfire au CZ 457, ambayo hii ya mwisho hutengenezwa Jamhuri ya Czech na bei yake huwa juu kidogo. Mpigaji huvuta komeo kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi inayofuata. Aliye pembeni anaweza kuona kwa macho kama komeo liko wazi na chumba kiko tupu. Nyingi hulenga vizuri kuliko bei yake.

Ya tatu ni ya nusu otomatiki, ambayo hujipakia yenyewe kila triga inapovutwa. Maarufu zaidi ni Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964 na hubeba risasi 10 kwenye magazini. Ni bunduki nzuri na vipuri vyake vimejaa madukani. Lakini ikishafyatuliwa, risasi nyingine iko tayari chumbani papo hapo. Mtoto aliyefurahi kwa kumpata sungura wake wa kwanza huweza kugeuka nayo mkononi kuwaonyesha wenzake. Wengi huona heri isubiri mpaka mpigaji azoee.

Kwa kijana wa miaka 14 anayeanza, ya komeo ndiyo inayokidhi mengi: inamfaa leo, itamfaa akiwa mtu mzima, na baba anaweza kuitumia pia.

Kabla ya kulipa, kijana aende dukani. Aweke kitako cha bunduki kwenye mkunjo wa kiwiko huku mkono umekunjwa. Kidole kifikie triga bila kujinyoosha. Kama hakifiki, bunduki ni ndefu mno kwake. Aishike pia begani kwa dakika nzima. Mtutu ukianza kutetemeka na kushuka, ni nzito mno, na bunduki nzito humfanya mtoto alenge ovyo.

Iliyotumika inaweza kupunguza bei kwa kiasi kikubwa. Muombe muuzaji atoe komeo, kisha tazama ndani ya mtutu kwenye mwanga: uwe unang'aa, usiwe na vidoti vya kutu. Jaribu kidude cha usalama kama kinashika. Usifyatue ikiwa tupu kwa kujaribu, hasa za zamani, kwa kuwa pini inaweza kugonga ukingo wa chumba na kuuharibu. Na kama imenunuliwa mkononi, ipelekwe kwa fundi wa bunduki kabla ya risasi ya kwanza.

Ikishanunuliwa, jaribu risasi za watengenezaji watatu au wanne. Bunduki ileile huweza kutupa vibaya kwa risasi moja na kulenga sawasawa kwa nyingine. Kipimo rahisi ni kizibo cha soda, ambacho upana wake haupiti sana sentimita 3. Umbali ambao kijana anaweza kuweka risasi tano mfululizo ndani ya duara la ukubwa huo, akiwa amekaa kama atakavyokaa porini, ndio umbali wake wa kuwinda. Ukiwa mita 20, basi ni mita 20. Hata mpigaji mzuri kwa .22 haendi mbali sana ya mita 50, kwa sababu sungura aliyejeruhiwa huingia shimoni na kufa polepole.

Risasi kwenye sahani

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kitu kinachotoka kwenye mtutu na kwa madini yanayokitengeneza. Kwa afya ya familia, maana zote mbili ni muhimu. Vichwa vingi vya .22 ni madini ya risasi, laini, na vinapompiga mnyama huacha vipande vidogo visivyoonekana kwa macho ndani ya nyama.

Hakuna kiwango cha madini hayo kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ukuaji wa ubongo, uwezo wa kujifunza na tabia. Kwa mama mjamzito, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Kupika hakuyaondoi, na siki au limao huweza kuyayeyusha zaidi.

Njia ya kwanza ya kujikinga ni kulenga kichwa na kukitupa. Nyama iliyo karibu na jeraha ikatwe kwa ukarimu, hata kama inauma kuitupa. Njia ya pili ni kununua risasi za shaba zisizo na madini hayo. Ni ghali zaidi, lakini zinaweza kutumika porini tu, na zile za kawaida zikabaki kwa mazoezi. Jimbo la California limelazimisha risasi zisizo na madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019.

Baada ya mazoezi, mikono inawe kwa sabuni kabla ya kula, na nguo zisichanganywe na za mtoto mchanga. Vumbi la kiwanja cha kulengea lina madini yaleyale.

Masikio nayo yasisahaulike. Mlio wa .22 huonekana mdogo ukilinganishwa na bunduki kubwa, lakini unaweza kukaribia desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja wa ghafla unaweza kudhuru usikivu. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi. Vifuniko vya masikio na miwani ya kukinga macho ni kwa mpigaji na kwa kila aliyesimama karibu.

Homa ya sungura

Missouri ni miongoni mwa majimbo yanayoripoti wagonjwa wengi wa tularemia, ambayo watu wa huko huiita homa ya sungura. Kwa Marekani nzima, wagonjwa ni takriban 200 kwa mwaka. Si wengi, lakini bakteria wake ni wakali kiasi kwamba 10 tu wanaweza kutosha kumwambukiza mtu.

Huingia kupitia mchubuko wakati wa kuchuna ngozi, kupitia macho yaliyoguswa kwa mkono mchafu, kwa kuumwa na kupe, au kwa nyama isiyoiva. Dalili huanza kwa kawaida baada ya siku 3 hadi 5: homa ya ghafla, kidonda mahali bakteria walipoingia, na mitoki inayovimba na kuuma. Dawa zipo na hutibika, lakini daktari lazima aambiwe kwamba mgonjwa alishika sungura. Mhamiaji mwenye homa mara nyingi hufikiriwa malaria kwanza, na siku za matibabu zikapotea.

Kinga yake ni rahisi. Usimpige sungura anayetembea kama amelewa au asiyekimbia anapokaribiwa. Wawindaji wengi wa huko husubiri baridi kali ya kwanza ipite ndipo waanze, kwa kuwa kupe hupungua. Wakati wa kuchuna, vaa glavu za mpira. Tazama ini: likiwa na vidoti vyeupe, mnyama huyo asiliwe, na asipewe mbwa.

Jikoni, sungura wa porini ana misuli migumu na mafuta kidogo kuliko wa kufugwa. Mchemshe kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi kwa moto mdogo, saa moja na nusu au zaidi, ndipo umuunge kwa nyanya au nazi. Ndani ya nyama joto lifike nyuzi 74 za Selsiasi. Waliozoea nyama ya kuchoma yenye ubichi kidogo waiache kwa mnyama huyu.

Hesabu kamili

Sasa warudi kwenye ile bei ya chini ya dola 300. Bunduki mpya ya komeo, dola 280. Kabati jepesi la chuma lenye kufuli, dola 120. Kisanduku kidogo cha kufungia risasi, dola 25. Vifuniko vya masikio na miwani kwa watu wawili, dola 60. Risasi 500 za mazoezi na kisanduku kimoja cha shaba, dola 60. Fulana na kofia za rangi ya chungwa inayong'aa, dola 30. Jumla ni dola 575, karibu mara mbili ya bei iliyobandikwa dukani. Bei hubadilika, lakini uwiano haupungui sana.

Familia isiyoweza kufika huko ina njia nyingine. Bunduki iliyotumika na iliyokaguliwa na fundi inaweza kushusha jumla. Mpango wa Project ChildSafe hugawa bure kufuli za waya kupitia vituo vya polisi. Waya huo hupitishwa kwenye bunduki isifyatuke. Si sawa na kabati, ila ni bora kuliko mlango wa chumba. Na zaidi ya yote, si lazima kununua mwaka huu. Kijana anaweza kumaliza mafunzo, kufanya mazoezi kwenye viwanja vya kulengea vya Idara ya Uhifadhi ya Missouri chini ya usimamizi, na kuwinda msimu mmoja na baba wa rafiki yake, wazazi wake wakishamfahamu mzee huyo na kumuuliza anatunza vipi bunduki zake.

Swali hilo si la aibu. Mzazi anayemruhusu mtoto kulala kwa jirani huuliza kama kuna mbwa mkali. Kwa Marekani, aulize pia kama kuna bunduki na kama imefungiwa.

Ndugu walio Tanzania nao watahadhari na picha zitakazotumwa. Kijana akija likizo asidhani mambo ni yaleyale: hapa nchini, kuwinda mnyamapori bila kibali, hata akiwa mdogo kama sungura, ni ujangili.

Kwa ile familia ya mfano, huenda jibu likawa ndiyo, huenda likawa hapana, huenda likawa mwakani. Lolote litakalokuwa, mama asiambiwe kwamba hofu yake ni ya mambo ya zamani. Apewe nafasi ya kwanza: achague yeye kabati, achague litakapofungwa ukutani, na ufunguo mmoja ukae kwake. Kabati likishafungwa vizuri, baba na kijana waende dukani.